Upendeleo wa KBC hauanzii kwa mtangazaji

Kifungu cha 34 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinavitaka vyombo vya utangazaji vya serikali viwe huru kuamua vitatangaza nini, visiegemee upande wowote, na vitoe nafasi ya haki kwa maoni yanayotofautiana, yakiwemo yale yanayoipinga serikali yenyewe. Ni maneno machache na yako wazi, na Shirika la Utangazaji la Kenya, KBC, ndilo hasa lililolengwa. Hata hivyo, kila msimu wa siasa unapowadia, malalamiko huwa yale yale: kwamba taarifa ya habari imejaa Ikulu, kwamba mikutano ya upande mmoja huonyeshwa moja kwa moja huku ya upande wa pili ikibanwa katika sentensi mbili, kwamba mpinzani huzungumziwa lakini hasikiki. Wanaolalamika huwageukia watangazaji na wahariri na kuwaita vibaraka. Hasira hiyo inapiga pasipostahili. Upendeleo wa KBC hauanzii katika chumba cha habari na hautaishia humo. Unaanzia katika barua ya uteuzi na katika mgao wa fedha, na maadamu mambo hayo mawili yamo mikononi mwa serikali iliyoko madarakani, Katiba itasema lake na runinga ya taifa itasema lingine.

Historia ya shirika lenyewe inaeleza mengi. Mwaka 1964, muda mfupi baada ya uhuru, KBC ilitaifishwa, ikapewa jina la Sauti ya Kenya na kuwekwa chini ya wizara kama idara nyingine yoyote ya serikali. Watangazaji wakawa watumishi wa umma wenye mabosi serikalini. Alfajiri ya Agosti 1, 1982, wanajeshi wa kikosi cha wanahewa waliojaribu kupindua serikali waliiteka redio hiyo na kumlazimisha Leonard Mambo Mbotela atangaze kwamba serikali imeangushwa. Hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini walikimbilia huko: kwa msikilizaji wa wakati ule, aliyeshika kipaza sauti cha Sauti ya Kenya ndiye aliyeshika nchi. Sheria ya 1989 ilirudisha jina la KBC na kulifanya shirika lenye bodi yake, lakini mwenyekiti wa bodi hiyo akawa wa kuteuliwa na Rais, wajumbe wengine wakateuliwa na waziri, na makatibu wa wizara wakapewa viti kwa wadhifa wao. Jina lilibadilika, mamlaka ya kuteua hayakuhama. Katika miaka hiyo taarifa ya habari ilianza na Rais, awe amefungua kiwanda, amehudhuria ibada au amepokea wageni, na mambo mengine ya dunia yalisubiri zamu yao. Wakenya wengi waliotaka kujua kilichotokea katika nchi yao wenyewe walitega redio kusikiliza Idhaa ya Kiswahili ya BBC kutoka London. Hiyo ilikuwa aibu ya taifa, ingawa tuliizoea.

Ushahidi wenye uzito zaidi, hata hivyo, hauko katika enzi za chama kimoja, maana mtu anaweza kusema kwamba enzi hizo kila kitu kilikuwa hivyo. Uko katika miaka iliyofuata. Katika uchaguzi wa 1992, wa kwanza wa vyama vingi tangu miaka ya 1960, waangalizi wa Jumuiya ya Madola waliishutumu KBC kwa kukipendelea chama tawala, KANU. Mwaka 1997, katika maafikiano ya IPPG baina ya wabunge wa KANU na wa upinzani, Sheria ya KBC ilirekebishwa ili shirika litakiwe kugawa muda wa matangazo kwa uwiano wa haki baina ya mitazamo mbalimbali ya kisiasa. Miaka mitano baadaye, katika uchaguzi wa 2002, waangalizi wa Umoja wa Ulaya waliikuta bado ikiegemea KANU na mgombea wake, Uhuru Kenyatta. Mwai Kibaki na muungano wake wa upinzani, NARC, wakashinda licha ya hayo. Sasa zingatia kilichofuata. Wengi wa walioingia madarakani walikuwa wamebanwa na KBC kwa miaka kumi, na hakuna serikali iliyokuwa na sababu nzuri kuwaliko ya kuifungua. Ilipofika 2007, waangalizi wa Umoja wa Ulaya walisema kwamba KBC ilishindwa kutimiza hata wajibu wake wa chini kabisa wa kisheria, na safari hii iliegemea PNU ya Kibaki. Shirika lilikuwa lile lile, na sheria ilikuwa ile ile yenye maneno mazuri ya 1997. Aliyebadilika ni mwenye kuteua, na upendeleo ukamfuata. Kama shida ingekuwa imani za kisiasa za wanahabari, wangebaki na KANU, au angalau wangegawanyika. Hawakufanya hivyo, kwa kuwa hawakuwa wakitangaza imani zao. Walikuwa wakilinda kazi zao.

Gharama ya hali hiyo tuliilipa Desemba 30, 2007. Vurugu zilipotanda katika ukumbi wa kujumlishia kura wa KICC, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, Samuel Kivuitu, aliondolewa hadi chumba kingine, na humo akasoma matokeo ya urais mbele ya KBC peke yake: Kibaki kura 4,584,721, mpinzani wake Raila Odinga kura 4,352,993. Muda mfupi baadaye, jioni ikiingia, Kibaki akaapishwa Ikulu, na serikali ikapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Watu zaidi ya elfu moja waliuawa katika majuma yaliyofuata na mamia ya maelfu wakafurushwa makwao. Sidai kwamba KBC ndiyo iliyosababisha umwagaji damu ule. Mizizi yake ilikuwa katika ardhi, ukabila, ujira wa siasa na hesabu ya kura yenyewe. Lakini lipo jambo moja ambalo wakuu wa serikali wangepaswa kulitafakari kuliko sisi wengine. Saa ile taifa lilihitaji sauti moja ambayo pande zote zingeisikiliza, hata kwa shingo upande. Serikali ilikuwa na chombo cha kupitishia sauti hiyo, chenye mitambo inayofika karibu kila pembe ya nchi, kilichojengwa kwa kodi ya wote. Habari iliyopitia humo ilifika ikiwa imekwisha kukataliwa na nusu ya nchi, kwa sababu nusu hiyo ilikuwa imeona kwa miezi kadhaa jinsi chombo hicho kilivyoitendea. Anayedhani redio inayomsifu ni rasilimali yake hajajiuliza itamfaa vipi siku atakapotaka kuaminiwa na wasiompenda.

Kisa cha walalamikaji kugeuka wakishashinda kimejirudia kwa sura nyingine karibu zaidi na wakati wetu. Kuelekea uchaguzi wa 2022, mrengo wa Kenya Kwanza ndio uliopiga kelele kwamba vyombo vya habari vinampendelea Raila, ambaye safari hii aliungwa mkono na Rais aliyekuwa akiondoka. Wagombea wa Kenya Kwanza walilalamika kwa sauti kubwa, na walikuwa na haki ya kulalamika. Kisha wakashinda. Machi 2024, Katibu katika Wizara inayosimamia utangazaji aliagiza kwamba matangazo yote ya kibiashara ya wizara na mashirika ya serikali yapelekwe KBC pekee. Agizo hilo lilipelekwa mahakamani na utekelezaji wake ukasimamishwa. Katibu huyo hakuhitaji kumpigia mhariri yeyote simu. Kwa karatasi moja, stesheni za binafsi zilionyeshwa kitakachozipata zikikosa adabu, nayo KBC ikakumbushwa mkono unaoilisha. Inawezekana kabisa nia ilikuwa kuliokoa shirika lililolemewa na madeni, ukiwemo mkopo wa Japani wa mwisho wa miaka ya 1980 ambao umevimba kwa riba hadi kulifanya shirika lishindwe kujisimamia. Hata tukiikubali nia hiyo, namna yenyewe inatosha kutuonyesha tatizo: wokovu wa KBC unategemea hisani ya ofisa wa serikali, na hisani hutolewa kwa mwenye adabu. Mkono mtupu haulambwi.

Ni muhimu kueleza jinsi upendeleo unavyofanya kazi, kwa maana wengi huutafuta mahali ambapo haupatikani. Wanatafuta uongo. Mara nyingi hakuna uongo. Ukisikiliza taarifa ya habari iliyoegemea upande, huenda kila sentensi ndani yake ni kweli: Rais kweli alizindua barabara, waziri kweli aliahidi mbolea, kinara wa upinzani kweli alihutubia mkutano. Upendeleo uko katika mpangilio. Nani anafungua taarifa na nani anakuja baada ya habari za kimataifa? Nani anasikika kwa sauti yake mwenyewe kwa dakika nzima, na nani anasimuliwa na mtangazaji huku picha zikionyesha umati bila sauti? Nani anapewa nafasi ya kumjibu mwenzake usiku huo huo, na nani majibu yake yanatangazwa kesho yake, habari ikiwa imepoa? Kubwa kuliko yote ni lile lisilotangazwa kabisa. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu inaweza kuwa imetoka mchana huo, yenye kurasa mia kadhaa kuhusu fedha zisizojulikana ziliko, na isitajwe. Hakuna anayeweza kumshtaki mhariri kwa habari ambayo haikusomwa. Ndiyo maana kauli ya kujitetea kwamba kila tulichosema ni kweli haitoshi, na ndiyo maana pia shutuma ya jumla kwamba wanadanganya huwapa wahusika njia rahisi ya kuponyoka.

Mpangilio huo hauhitaji amri. Mhariri anayejua kwamba mkuu wake aliteuliwa kwa barua ya waziri, na kwamba waziri anaweza kuandika barua nyingine, hujifunza haraka habari zipi huleta simu na zipi hazileti. Baada ya muda hata simu huacha kupigwa, kwa kuwa haina haja. Mwanahabari kijana anayeingia hapo hakuti waraka wenye orodha ya mambo yaliyokatazwa. Anakuta desturi, naye huiita uzoefu wa kazi. Kumtaka mtu huyo awe shujaa kila siku, kwa mshahara unaochelewa, huku wanaomsimamia hawana kinga yoyote, ni kutaka mno. Wako waliojaribu, na heshima yao ni kubwa. Lakini taasisi ambayo uadilifu wake unategemea kupata mashujaa kila zamu ni taasisi iliyojengwa vibaya.

Majirani zetu wa Tanzania wamepitia jambo hilo hilo, tena kwa mifano iliyo wazi. Shirika la Utangazaji Tanzania, TBC, liliongozwa na Tido Mhando, aliyekuwa ameiongoza Idhaa ya Kiswahili ya BBC, na chini yake lilianza kuwapa wapinzani nafasi ambayo hawakuwahi kuipata katika redio na televisheni ya taifa. Mwishoni mwa 2010, majuma machache baada ya uchaguzi mkuu, mkataba wake haukurefushwa. Serikali ilikuwa na mamlaka ya kisheria ya kufanya hivyo. Hata kama ilikuwa na sababu zake nyingine, waliobaki katika shirika walikuwa huru kujisomea somo wenyewe. Januari 2016, Waziri wa Habari Nape Nnauye aliliambia Bunge kwamba TBC itaacha kurusha vikao moja kwa moja kutwa nzima, kwa sababu ya gharama iliyofikia shilingi bilioni 4.2 za Tanzania kwa mwaka. Bunge lilikuwa mahali pekee ambapo mbunge wa upinzani aliweza kumbana waziri mbele ya wananchi bila mhariri kukata neno. Hoja ya gharama ilikuwa na ukweli wake, maana kurusha matangazo kutwa si kazi ya bure. Ila uamuzi wa nini kikatwe ili fedha zitoshe ulitangazwa na waziri bungeni, wakati ulipaswa kuwa wa wahariri na bodi yao. Katika orodha ya mambo ambayo chombo cha umma kingeweza kuyapunguza, kilichoondolewa kilikuwa kile kilichoisumbua serikali zaidi.

Ipo hoja ya kupinga ambayo inastahili jibu la makini: kwamba serikali imechaguliwa na wananchi, ina mamlaka ya kutenda, na kwa hiyo matendo yake ni habari kuliko maneno ya wapinzani ambao kazi yao ni kusema tu. Hoja hii ina uzito. Rais anapotia saini mswada wa fedha, maisha ya kila Mkenya yanaguswa. Kinara wa upinzani anapoupinga jukwaani, hakuna bei inayobadilika siku hiyo. Chombo kinachompa kila mmoja dakika sawa bila kujali uzito wa alichofanya hakitendi haki, kinapima kwa kamba tu. Lakini hoja hiyo ikifuatwa hadi mwisho wake, inaigeuka taarifa ya habari tuliyo nayo. Kama kinachoifanya serikali iwe habari ni uwezo wake wa kugusa maisha ya watu, basi habari ni huko kuguswa. Barabara ikizinduliwa, habari ni imegharimu kiasi gani, nani amepewa zabuni, mashamba ya nani yamechukuliwa na kama walilipwa fidia. Utepe, ngoma na hotuba ni sherehe. Taarifa inayotumia dakika nne kwenye sherehe na sekunde ishirini kwenye barabara haiwezi kujitetea kwamba inatangaza matendo ya serikali. Tena wakati wa kampeni Rais huwa na kofia mbili, ya mkuu wa dola na ya mgombea au mpigadebe wa mgombea, na kazi ya mhariri huru ni kujua kofia ipi imevaliwa asubuhi hiyo.

Wengine husema: mbona stesheni za binafsi zina upendeleo mbaya zaidi? Ni kweli kwamba nyingi zina wenyewe, na wenyewe wana siasa zao. Familia ya Kenyatta imewahi kuhusishwa na kampuni ya Mediamax, na baadhi ya redio za lugha za kienyeji zilinyooshewa vidole kwa uchochezi katika machafuko ya 2007 na 2008. Lakini mwenye stesheni binafsi anatumia fedha zake, na msikilizaji anaweza kuhama. KBC inatumia fedha za mpiga kura wa kila chama, yule anayesifiwa hewani na yule anayepuuzwa. Tena upendeleo wa stesheni za binafsi ndio unaoifanya KBC huru iwe ya lazima. Mahali ambapo kila tajiri ana redio yake, wananchi wanahitaji angalau moja isiyokuwa ya tajiri yeyote. Januari 30, 2018, Raila alipojiapisha Uhuru Park kuwa rais wa wananchi, serikali ilizizima NTV, KTN, Citizen na Inooro. KBC ilibaki hewani. Ingekuwa na kinga ya kweli, siku ile ingeweza kuwaeleza Wakenya kilichokuwa kikiendelea, bila kukishangilia wala kukificha, na ingejipatia imani kubwa kuliko miaka ishirini ya matangazo ya kujisifu.

Kuna pia wanaotaka tulimalize jambo hili kwa kuiuza KBC au kuifunga, kwa kuwa vijana wa mijini wana simu na hawasubiri taarifa ya saa moja. Wanaosema hivyo wanaishi mahali penye mtandao wa kasi na stesheni za kuchagua. KBC hutangaza kwa Kisomali, Kiborana, Kirendille, Kiburji na Kiturkana, lugha za watu ambao mfanyabiashara wa matangazo hana haraka nao. Mfugaji wa Marsabit au Turkana anapotaka kujua kuhusu ukame, chanjo ya mifugo au mgao wa fedha za kaunti yake, redio ya taifa huenda ndiyo sauti pekee inayomfikia kwa lugha anayoiota. Mtu huyu ndiye anayeumizwa zaidi na upendeleo, kwa sababu hana pa kulinganishia. Kijana wa Nairobi akihisi anafichwa kitu hufungua simu. Hoja kwamba KBC haina maana kwa sababu wengi wana njia nyingine inawasahau wale ambao shirika la umma lilianzishwa hasa kwa ajili yao.

Hoja ya nne ndiyo hupenda kutolewa na wasomi: kwamba hakuna chombo kisichokuwa na upendeleo, na hata BBC, inayosifiwa kila siku, hulaumiwa na mrengo wa kulia na wa kushoto pia. Yote mawili ni kweli. Mwenyekiti wa BBC, Richard Sharp, alijiuzulu Aprili 2023 baada ya uchunguzi kubaini kwamba hakueleza kikamilifu nafasi yake katika mpango wa mkopo wa hadi pauni 800,000 kwa Boris Johnson, waziri mkuu ambaye serikali yake ndiyo iliyomteua. Novemba 2025, mkurugenzi mkuu Tim Davie na mkuu wa habari Deborah Turness walijiuzulu kutokana na jinsi kipindi cha Panorama kilivyokata na kuunganisha hotuba ya Donald Trump. Tunaweza kusoma visa hivyo kama ithibati kwamba usawa ni ndoto. Mimi navisoma tofauti. Makosa yalifanyika, yakajulikana, yakapingwa hadharani, na wakubwa wakawajibika. Uhuru wa chombo cha umma hauondoi makosa. Unaweka mahali pa kuyashtaki. Nisichokubali ni ile faraja ya wahariri wengi, kwamba ukilaumiwa na pande zote mbili basi uko katikati. Unaweza kulaumiwa na pande zote kwa sababu umewakosea wote. Muda wa hewani unapimika, sauti zinahesabika, mpangilio wa taarifa unaandikika. Anayedai yuko katikati atoe hesabu yake.

Basi nini kifanyike? Mifano ya kwingine inafaa kwa sababu inaonyesha pia mipaka ya sheria. Afrika Kusini iliweka utaratibu wa Bunge kupendekeza wajumbe wa bodi ya SABC, shirika lake la utangazaji la umma, baada ya usaili wa wazi, na bado mwaka 2016, kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa, uongozi wa SABC chini ya Hlaudi Motsoeneng ulipiga marufuku picha za waandamanaji wakiharibu mali ya umma. Wanahabari 8 waliopinga walifukuzwa kazi. Sheria peke yake haikuwakinga. Lakini iliwapa wananchi pa kushika: mamlaka ya mawasiliano iliamuru marufuku hiyo iondolewe, Mahakama ya Kazi ikaamuru waliokwenda kwake warudishwe kazini, Bunge likaunda kamati ya uchunguzi, na mwaka 2017 Mahakama Kuu ikamkatalia waziri mamlaka ya kuingilia uteuzi wa wakuu wa shirika. Ujerumani ilipata kisa chake mwaka 2009, wanasiasa katika baraza la televisheni ya umma ya ZDF walipokataa kurefusha mkataba wa mhariri mkuu Nikolaus Brender. Suala hilo lilifika Mahakama ya Katiba, na Machi 2014 ikaamua kwamba watu wa serikali na wa vyama wasizidi theluthi moja katika vyombo vya kuisimamia televisheni hiyo. Fedha za mashirika ya utangazaji ya umma ya Ujerumani hutokana na ada inayolipwa na kila kaya, na kiasi chake hupendekezwa na tume maalumu baada ya kukagua mahitaji.

Kenya haihitaji kunakili lolote kati ya hayo kama lilivyo. Ada ya kila kaya, kwa mfano, ingekuwa mzigo mwingine kwa watu waliochoshwa na makato, na sitaipendekeza. Lakini Bunge linaweza kuipitia upya Sheria ya KBC, iliyozaliwa wakati wa chama kimoja, na kuilinganisha na Kifungu cha 34. Makatibu wa wizara watoke katika bodi. Mwenyekiti na wajumbe watafutwe kwa maombi ya wazi na jopo lenye wawakilishi wa wanahabari, wanasheria na mashirika ya kiraia, wahojiwe hadharani, na wakiisha kuapishwa wasiondolewe isipokuwa kwa sababu zilizoandikwa katika sheria. Mkurugenzi mkuu aajiriwe na bodi hiyo, si na waziri, na mhariri mkuu alindwe kwa mkataba usiovunjwa kwa sababu ya habari aliyoitangaza. Mgao wa fedha upitishwe kwa miaka mitano kwa pamoja, uvuke uchaguzi, ili asiwepo wa kuufunga na kuufungua kama bomba kulingana na taarifa ya jana. Deni la zamani libebwe na Hazina, kwa kuwa serikali ndiyo iliyolikopa na kulitumia shirika ilivyotaka. Watakaosema hilo ni ghali wajiulize taifa limetumia kiasi gani kila mara uchaguzi wake ulipokosa sauti ya kuaminiwa.

Sitarajii serikali yoyote ifanye haya kwa kupenda. Kila chama kikiwa nje hukumbuka Kifungu cha 34, na kikiingia ndani husahau. Kwa sababu hiyo wakati wa kuyadai ni sasa, kabla ya uchaguzi wa Agosti 10, 2027, wakati hakuna anayejua kwa hakika nani atakuwa ndani na nani atakuwa nje. Na lipo moja lisilohitaji kusubiri sheria mpya. KBC inaweza kuanza mwezi ujao kuchapisha hesabu ya taarifa zake: kila chama kilipata dakika ngapi, wangapi walisikika kwa sauti zao wenyewe, habari gani ilifungua taarifa kila usiku. Baraza la Vyombo vya Habari lipewe rekodi hizo lizikague. Kazi hiyo inaweza kufanywa na maofisa wachache wenye kompyuta, na bodi iliyopo leo ina mamlaka ya kuiamuru katika kikao chake kijacho.